MAISHA YA MONSINYORI CHRISTOPHE MUNZIHIRWA, ASKOFU MUKUU ALIYEBAKI NA WAKIMBIZI



Jubilei ni siku ya shukrani, na tena ni siku ya ukumbusho. Tunawakumbuka waliotuletea Injili, makatekista waliotembea kwa miguu toka kilima hata kilima, na wazazi waliotupeleka kwenye ubatizo. Lakini inafaa tumukumbuke pia mutu ambaye hakuwa muchungaji wa jimbo letu la Goma, na hata hivyo maisha yake yanatugusa karibu sana. Mutu huyo ni Monsinyori Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo, wa Shirika la Yezu, Askofu Mukuu wa Bukavu, aliyeuawa tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 1996.

Kwa nini yeye? Kila mutu wa Bweremana anajua jibu. Parokia yetu iko kando ya ziwa Kivu, juu ya barabara inayotoka Sake kwenda Minova, penye mulango wa Kivu ya Kusini. Barabara hii ni ya biashara, ya mihogo, ya ndizi na ya samaki. Lakini ni barabara ya wakimbizi vilevile. Katika mwaka 2024, vita vilipofika Sake, watu wengi wa Masisi walishuka kwetu na Minova, godoro kichwani, mutoto mugongoni, sufuria mukononi. Hapa kwetu tunajua kupokea wageni usiku, na tunajua pia kufunga mulango wa nyumba na kuondoka bila kujua siku ya kurudi. Basi kila jamaa imekwisha kujiuliza ulizo moja: mulango wangu niufungue kwa nani? Kwa kila mutu, hata kwa yule ambaye kabila lake linaniogopesha? Monsinyori Munzihirwa aliulizwa ulizo hilo mbele ya dunia nzima, naye akajibu kwa maisha yake.

1. KUZALIWA NA MALEZI

Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 huko Lukumbo, upande wa Burhale, katika inchi ya Walungu, Kivu ya Kusini. Wakati ule Wabelgiji ndio waliotawala Kongo, na mapadri Wamisionari wa Afrika, wale tunaoita Mapadri Weupe, ndio waliokuwa wanajenga parokia na seminari katika Kivu. Kijana huyu wa milima ya Bushi alisikia mwito wa Mungu, akaingia seminari, akapewa upadri mwaka 1958, miaka miwili mbele ya uhuru wa inchi yetu.

Miaka ile ya kwanza ya upadri wake ilikuwa miaka ya machafuko. Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wengi walikimbia Rwanda kwa sababu ya mauaji, wakaingia Kivu. Wazee wa Masisi na Walikale wanakumbuka kwamba wengine wao waliwekwa Bibwe na Ihula. Halafu, katika mwaka 1964, vita vya Wasimba vilichoma vijiji vingi vya mashariki ya Kongo. Mwaka 1967 waaskari wa kukodiwa walioongozwa na Jean Schramme waliuteka muji wa Bukavu na kuukalia muda wa miezi kadhaa. Inapashwa tukumbuke mambo hayo tangu mwanzo, ili mutu asidhani kwamba ukimbizi ulianza mwaka 1994, wala kwamba ukimbizi ni wa kabila moja tu. Katika inchi yetu, yule aliyempokea mukimbizi jana amejikuta leo yeye mwenyewe akiomba pa kulala.

Katika mwaka 1963 padri Munzihirwa aliomba kuingia katika Shirika la Yezu. Hakuwa tena kijana. Alikuwa na umri wa miaka 37, na mapadri wenzake wangaliweza kumushauri atulie katika parokia. Lakini yeye alitaka kujifunza upya, kama novisi kati ya wanovisi. Kisha wakubwa wake walimutuma Ubelgiji, kwenye Universite ya Louvain, asome elimu ya maisha ya jamii. Alisoma namna watu wanavyopata chakula chao, namna wanavyotawaliwa, na namna wadogo wanavyoonewa na wakubwa. Elimu hiyo haikubaki katika vitabu. Baadaye, alipoandika juu ya vita na wakimbizi, maneno yake yalikuwa ya mutu anayejua hesabu ya mambo, si ya mutu anayelia tu.

2. PAMOJA NA VIJANA KATIKA KAMBI LA WAASKARI

Tukio moja la wakati huo linatuonyesha moyo wake wote. Katika mwezi wa 6 mwaka 1971, wanafunzi wa Universite ya Lovanium, huko Kinshasa, walitaka kuwakumbuka wenzao waliouawa kwa risasi katika maandamano ya mwaka 1969. Raisi Mobutu alikasirika sana. Alifunga universite, akaamuru wanafunzi waandikwe katika jeshi kwa nguvu. Vijana waliokuwa wanashika kalamu siku moja, kesho yake walivikwa nguo za kiaskari na kupelekwa kambini.

Padri Munzihirwa alikuwa anaishi kati ya wanafunzi hao, akiwatunza kiroho. Hakuna mutu aliyemulazimisha awafuate. Alikuwa amepita miaka 40, ni mutawa, na jina lake halikuwa katika orodha. Lakini yeye mwenyewe aliomba aandikwe katika jeshi pamoja nao. Hakutaka vijana aliowahubiri Injili katika siku za amani wabaki bila padri katika siku za taabu. Akalala walipolala, akafuata amri walizofuata.

Tusipite mbio juu ya jambo hili. Siku hizi tunawaona vijana wa vilima vyetu wakichukuliwa na watu wa silaha, wengine kwa nguvu, wengine kwa ahadi za uongo, wengine kwa sababu ya njaa tu. Mara nyingi tunasema kwamba wamepotea, na jina lao halitajwi tena katika shirika. Padri Munzihirwa hakuhesabu kwamba kijana amepotea kwa sababu amevalishwa nguo za vita. Alimufuata mpaka ndani ya kambi.

3. MUKUBWA WA WAYEZUITI, KISHA ASKOFU WA KASONGO

Kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, Padri Munzihirwa alikuwa mukubwa wa Provinsi ya Wayezuiti ya Afrika ya Kati. Ilitokea kwamba katika mwaka ule ule 1980, tarehe 14 mwezi wa 11, Padri Pedro Arrupe, mukubwa wa Wayezuiti wa dunia nzima, alianzisha kazi ya Wayezuiti ya kuwahudumia wakimbizi. Padri Arrupe alikuwa ameguswa na habari za watu wa Vietnam waliozama baharini wakitafuta inchi ya kukaa. Akawaomba Wayezuiti wote wahesabu wakimbizi kuwa kati ya maskini wa kwanza wa zamani hizi. Nani angaliweza kujua wakati huo kwamba kazi hiyo ingefika Bukavu, na kwamba Provinsiali huyu wa Zaire angekufa kwa ajili ya mambo yale yale?

Mwaka 1986 Baba Mutakatifu Yoane Paulo wa Pili alimuchagua kuwa askofu musaidizi mwenye haki ya kurithi katika jimbo la Kasongo, huko Maniema. Mwaka 1990 akawa askofu mwenyewe wa jimbo hilo. Kasongo ni inchi kubwa, yenye barabara mbaya na maskini wengi. Askofu huyu hakupenda fahari. Nguo zake zilikuwa za kawaida, chakula chake cha kawaida, na watu walimuita Muzee, si kwa sababu ya miaka tu, bali kwa heshima anayopewa baba wa jamaa.

Kisha aliombwa kuangalia pia jimbo kuu la Bukavu lililobaki bila muchungaji, na mwaka 1994 akatajwa kuwa Askofu Mukuu wake. Alirudi hivi katika inchi ya kuzaliwa kwake. Alikuwa na umri wa karibu miaka 68, umri ambao watu wengi wanafikiri juu ya kupumzika.

4. WAKIMBIZI WALIPOFIKA

Mwaka 1994! Hakuna mukubwa wa Kivu anayeweza kusikia mwaka huo bila kunyamaza kwanza. Tayari katika mwezi wa 10 mwaka 1993, kisha kuuawa kwa Raisi Melchior Ndadaye, Warundi wengi walikuwa wamekimbilia upande wa Uvira. Halafu, tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1994, ndege ya Raisi Juvénal Habyarimana wa Rwanda iliangushwa huko Kigali. Papo hapo yakaanza mauaji ya kimbari juu ya Watutsi. Katika muda wa siku mia moja hivi watu zaidi ya 800,000 waliuawa, Watutsi kwa wingi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki ubaya huo. Watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia.

Jeshi la FPR liliposhinda, watu wengi wa Rwanda walivuka mipaka. Katikati ya mwezi wa 7, kwa muda wa siku tano hivi, watu zaidi ya 800,000 waliingia Goma na vijiji vya kando yake. Dunia haikuwa imeona bado wingi kama huo wa watu wakivuka mupaka mumoja kwa siku chache namna ile. Hapakuwa na maji ya kuwatosha, wala vyoo, wala udongo wa kuchimba makaburi, kwa sababu inchi ya Goma ni mawe ya volkano. Kipindupindu kikaingia. Katika mwezi mumoja hivi, karibu watu 50,000 walikufa. Makambi yakajengwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga. Upande wa Bukavu pia mamia ya maelfu ya watu walivuka muto Rusizi, wakajaa katika barabara, viwanja na shule, mpaka walipopelekwa katika makambi ya inje ya muji.

Kati yao kulikuwa na maelfu ya watoto wasiojua wazazi wao walipo. Mutoto aliponyoka mukono wa mama yake katika musongamano wa mupakani, au aliamka asubuhi kando ya maiti ya baba yake. Wengine hawakuweza kutaja jina la kilima chao. Watoto hao hawakuua mutu. Hawakujua maana ya chama wala ya jeshi. Lakini dunia iliwaita kwa jina moja na wote: wakimbizi wa Rwanda.

Askofu Mukuu aliwaomba wakristu wake wafungue milango. Parokia, watawa wa mashirika mbalimbali na Caritas waliingia kazini pamoja na mashirika ya kimataifa. Watu waligawanya maharagi na shitingi, wakatunza wagonjwa, wakawakusanya watoto yatima. Katika makambi mengine walianzisha masomo, maana mutoto anayekaa mwaka mzima bila kalamu wala mwalimu anajifunza haraka kazi ya bunduki.

Askofu Mukuu hakusahau taabu ya wenyeji. Wakimbizi walipata chakula cha Umoja wa Mataifa, na wakati ule ule muzee wa kijiji jirani aliona miti yake ikikatwa, shamba lake likikanyagwa, bei za soko zikipanda, naye hakupata hata kikombe cha mafuta. Manunguniko yalizidi. Katika barua zake Monsinyori Munzihirwa alisema kwa ajili ya wote wawili, mugeni na mwenyeji, kwa kuwa alijua kwamba mapendo yanayomuacha mwenyeji na njaa hayadumu.

5. NENO GUMU

Hapa tunafika kwenye jambo lililo gumu kupita yote katika maisha yake, na si vizuri kulifunika.

Katika makambi, pamoja na akina mama, watoto na wazee, walikuwa pia waaskari wa zamani wa Rwanda na Interahamwe, watu walioua katika mauaji ya kimbari. Walibaki na silaha zao. Walitawala makambi, wakazuia watu waliotaka kurudi kwao, wakajitayarisha kwa vita vipya. Kwa sababu hiyo watu wengi katika dunia walianza kusema kwamba wakimbizi wote ni wauaji. Wengine walitaka makambi yavunjwe kwa nguvu. Katika mwezi wa 8 mwaka 1995 waaskari wa Zaire walifukuza wakimbizi karibu 15,000 kwa muda wa siku chache, wakiwasukuma mpaka mupakani.

Monsinyori Munzihirwa alikataa maneno hayo. Fundisho lake lilikuwa moja, naye alilirudilia mbele ya viongozi wa Zaire, mbele ya mabalozi wa inchi kubwa na mbele ya Umoja wa Mataifa: mwenye kosa ahukumiwe, lakini asiye na kosa asiadhibiwe pamoja naye. Mutoto hawezi kulipa deni la damu ambalo hakulikopa. Aliomba wakimbizi warudi kwao, kwa kuwa hakuna anayepona kwa kukaa kambini siku zote. Lakini aliomba warudi kwa amani na kwa heshima, si kwa fimbo. Alikumbusha kwamba huko Rwanda kwenyewe, Kibeho, katika mwezi wa 4 mwaka 1995, watu wengi waliokuwa katika kambi walikufa kwa risasi za waaskari, na kwamba habari hizo ziliwaogopesha waliotaka kurudi.

Hakusema juu ya Rwanda peke yake. Aliwalaumu waaskari wa Zaire waliokula mali ya raia badala ya kuwalinda. Aliwalaumu wakubwa wa inchi waliojitajirisha huku mwalimu akikosa mushahara. Aliwalaumu wale wanaouza silaha mbali na kisha kuleta dawa za vidonda karibu. Hata watu wake mwenyewe aliwaonya wasiingie katika chuki ya makabila.

Wapinzani hawakukosekana. Wamoja walisema kwamba anaegemea upande wa Wahutu, na kwamba hakusema vya kutosha juu ya maumivu ya Watutsi walioponyoka mauaji. Hatuandiki haya kwa kumushitaki, wala kwa kumufanya malaika asiye na mashaka ya binadamu. Tunayaandika kwa sababu yanaonyesha gharama ya kazi yake. Mutu anayemutetea mukimbizi katika wakati wa vita hawezi kupendwa na kila mutu, kwa maana kila upande unataka aone machozi ya upande mumoja tu.

Kwetu Masisi tunajua jambo hilo vizuri. Tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka 1996, Watutsi waliokuwa wamekimbilia kwa wamonaki Watrapisti wa Mokoto walishambuliwa, na wengi waliuawa mahali pale walipotumaini ulinzi wa nyumba ya Mungu. Wamonaki wenyewe walilazimika kuondoka. Basi Mokoto waliuawa Watutsi. Baadaye, katika mapori, waliuawa Wahutu. Na Wahunde, Watembo, Wanyanga na wengine wa vilima vyetu wamezika watu wao vilevile. Ni nani anayeweza kuhesabu maiti za kabila lake tu, kisha akasema kwamba amefanya hesabu?

6. SIKU ZA MWISHO

Katika mwezi wa 10 mwaka 1996 vita viliwaka Kivu ya Kusini. Tarehe 6 wagonjwa waliuawa ndani ya hospitali ya Lemera, iliyokuwa inaongozwa na Dokta Denis Mukwege, yule ambaye baadaye, mwaka 2018, alipewa zawadi ya Nobel ya amani. Siku mbili kisha, mukubwa mumoja wa provinsi aliwaamuru Wanyamulenge waondoke inchini kwa muda wa juma moja. Waaskari wa AFDL, pamoja na waaskari wa Rwanda, walisonga mbele kutoka upande wa Uvira. Makambi ya Uvira yalitawanyika, na watu zaidi ya laki mbili walikuwa tena njiani. Muji wa Uvira ukatekwa. Kila mutu alijua kwamba Bukavu ndiyo itafuata.

Ndipo wenye mamlaka walipoanza kuondoka. Wakubwa wa serikali waliondoka. Maofisa wa jeshi waliondoka, na waaskari wao waliiba njiani walipokuwa wanakimbia. Wenye mali walipakia motokari zao. Muji wa Bukavu ulibaki na raia, na wakimbizi, na Askofu wao. Monsinyori Munzihirwa angaliweza kuondoka pia, na hakuna ambaye angalimulaumu, kwa kuwa alikuwa muzee. Lakini alibaki. Katika siku zile alikuwa kama mukubwa pekee aliyesalia muji mzima. Aliwatembelea watu, akawatia moyo, akatuma ujumbe inje ili dunia isiseme kwamba haikusikia. Siku chache mbele ya kifo chake aliwaandikia wakristu ujumbe wa mwisho, akiwaomba wadumu katika mapendo, wasilipe ubaya kwa ubaya, na wawatunze walio wazaifu kati yao.

Jioni ya siku ya pili, tarehe 29, milio ya bunduki ilijaza muji. Askofu Mukuu alikuwa ndani ya motokari pamoja na watu wake. Walipofika Nyawera, waaskari waliokuwa wanauteka muji waliwasimamisha. Alishuka, musalaba wake wa uaskofu mukononi, akawaendea. Hapo alipigwa risasi. Waliokuwa naye waliuawa vilevile. Mwili wake ulilala barabarani usiku ule, maana hakuna aliyethubutu kutoka nyumbani. Hata kesho yake watawa walipata njia ya kumuchukua. Wakamuzika katika kanisa kuu la Bibi Yetu wa Amani, katika muji ule ambao hakutaka kuuacha.

Watu wengine wameuliza kama kifo hicho kilikuwa cha bure. Muji ulitekwa hata hivyo. Wakimbizi walitawanyika hata hivyo. Ni kweli. Lakini mutu wa Bukavu aliyekuwa amejificha chini ya kitanda na watoto wake katika usiku ule, alijua jambo moja ambalo hakuna jeshi lililoweza kumunyanganya: muchungaji wake hakukimbia.

7. YALIYOFUATA

Siku mbili tu kisha, tarehe 31 mwezi wa 10, mafurere ine Wamarista kutoka Uhispania waliuawa huko Bugobe, karibu na kambi la Nyamirangwe. Majina yao ni Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Julio Rodríguez na Fernando de la Fuente. Walikuwa wanawahudumia wakimbizi na vijana wao. Waliombwa kuondoka, wakasema kwamba hawawezi kuwaacha watu wasio na mutu mwingine. Wao hawakuuawa na waaskari waliomuua Askofu. Waliuawa na watu wa silaha waliokuwa katika kambi. Tazameni, basi: katika juma moja, watumishi wa wakimbizi waliuawa na pande zote mbili. Mwenye bunduki hampendi mutu anayemuona mukimbizi kuwa mutu, hata bunduki hiyo ikiwa ya upande gani.

Mwanzo wa mwezi wa 11 Goma ilitekwa. Tarehe 15 kambi kubwa la Mugunga lilifunguka, na kwa siku chache watu karibu nusu milioni walirudi Rwanda kwa miguu. Wengine wengi, kwa hofu au kwa kusukumwa na watu wa silaha, walielekea magaribi, wakapita Sake, vilima vya Masisi na mapori ya Walikale, hata Tingi-Tingi, na mbali zaidi, upande wa Kisangani. Wengi hawakufika. Waliuawa, au walikufa kwa njaa na magonjwa. Wazee wetu waliwaona wakipita. Wamoja waliwapa mihogo na maji. Wamoja waliwafungia mulango. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa maandiko makubwa juu ya maovu yaliyofanyika katika Kongo toka 1993 hata 2003, na habari za njia hiyo ya mateso zimo ndani yake.

Kanisa la Bukavu halikubaki bila sauti. Mwaka 1997 Monsinyori Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni, alifanywa Askofu Mukuu. Naye pia alisema ukweli, na katika mwaka 2000 waasi waliotawala walimuzuia kuingia Bukavu, akakaa Butembo kama mufungwa kwa miezi mingi. Alirudi katika mwezi wa 9, akafa huko Roma tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka ule ule. Juu ya Monsinyori Munzihirwa, jimbo kuu la Bukavu limeanzisha uchunguzi wa maisha yake ili Eklezya iweze kumutangaza siku moja kuwa mwenye heri. Kwa hiyo anaitwa Mutumishi wa Mungu.

8. FUNDISHO KWA PAROKIA YETU

Wapendwa, hatuandiki maisha haya ili tumusifu mutu aliyelala, kisha tufunge kitabu na kwenda kula karamu. Monsinyori Munzihirwa anatuachia kazi.

Anatuomba kwanza tuangalie mutu mbele ya kabila. Wakimbizi wanapofika kwenye kiwanja cha kanisa, neno letu la kwanza lisiwe kuuliza wanatoka kilima gani na lugha gani wanasema. Liwe kuuliza kama watoto wamekula. Mengine yatafuata.

Anatuomba tena tusiwaache vijana. Mutoto mukimbizi aliye na nafasi darasani, aliye na daftari na kalamu, aliye na mutu anayejua jina lake, ni vigumu kumuchukua. Mashirika yetu ya kikristu yanaweza kufanya hayo bila kungojea motokari kutoka mbali: kila shirika liandike majina ya watoto wageni walio katika eneo lake, limutafutie kila mumoja jamaa na shule. Na kijana aliyekwisha kuingia vitani tusifute jina lake. Tumutafute, kama vile Padri Munzihirwa alivyowafuata wanafunzi wake katika mwaka 1971.

Mwishoni anatuomba tuseme ukweli kwa watu wa silaha, hata wakiwa wa upande wetu. Hilo ndilo gumu kupita yote. Ni rahisi kuhesabu makosa ya jirani. Kumwambia ndugu yako wa kilima kimoja kwamba alichofanya ni dhambi, hapo ndipo imani inapopimwa.

Katika Misa ya jubilei, wakati wa kuwaombea wafu, tuwakumbuke basi Monsinyori Munzihirwa na waliouawa pamoja naye, mafurere wa Bugobe, watu wa Mokoto, wale waliokufa njiani kati ya Sake na Walikale, na wale ambao makaburi yao hatuyajui. Na wakati wa kutoa sadaka, tukumbuke kwamba kunaweza kuwa na mutoto amekaa nyuma ya kanisa, ambaye hajui bado kama parokia hii ni ya kwake.

Mwenyezi Mungu, kwa maombezi ya Bikira Maria, Bibi Yetu wa Amani, alipe Kivu wachungaji wasiokimbia, na waamini wasiofunga mulango. Amina.